Vimlango vya Mzee Luhaga

Morogoro, 3 Juni 2024

Baba yangu Mzee Athanasi Luhaga,

Mwangaluka baba. Mimi ni mzima na kazi inaendelea. Najua simu haikusaidii tena, maana mashine za kuchambua pamba zimeshakula masikio yako, na ujumbe wa simu unasema umeandikwa kwa herufi za chawa. Basi nimeandika kwa kalamu nene, na barua namkabidhi kondakta wa basi la Bariadi.

Nina shida ya kifundi. Gari la Bwana Salvatory, huyu mwenye gereji ninayofanyia kazi, limeua injini. Lile la mashindano, jekundu, ulilosema limekaa kama chura. Lilikufa kwenye majaribio, katika uwanja wa mbio uliopo hapa nje ya mji, kwenye shamba la zamani la mkonge. Kuna kona moja ndefu ya kushoto pale. Ukiiingia kwa kasi, oili yote ndani ya sampu, lile beseni la chini ya injini, inakimbilia kulia. Mdomo wa pampu uko kushoto. Pampu inabaki kunyonya hewa. Unaanza kusikia mtetemo mdogo miguuni, kwenye pedali, kama wa cherehani, kisha ndipo taa nyekundu inawaka, na hapo beringi zimeshakauka. Tulipofungua injini tulikuta chuma kimesaga chuma.

Usiniambie niongeze oili. Ikizidi, krenki inayozunguka juu yake inaifikia, inaipiga, inageuka povu. Tumeshafunga pampu kubwa zaidi na rejeta ndogo ya kupoza oili. Kilichobaki ni kuizuia isikimbie. Nataka ukuta wa bati ndani ya sampu, wenye vimlango vinavyofungukia upande mmoja tu: oili iende kwa pampu, ikitaka kurudi ikute mlango umefungwa. Mafundi wa hapa wanaweza kukata bati. Bawaba ndogo kama zile zako, zisizogoma wala kulegea, hapa sijaona anayeziweza.

Mchoro na vipimo nimeviambatanisha. Mashindano ni mwishoni mwa Agosti. Dereva wetu anakusalimia.

Mwanao,
Yusta


Bariadi, 11 Juni 2024

Yusta, mayu,

Mhola duhu, ni salama tu. Barua imefika ikiwa na harufu ya samaki wa mtu, lakini imefika.

Nianze na huyo dereva anayenisalimia. Salamu zake sizitaki. Nimekaa kiwandani tangu sijaota ndevu mpaka zimekuwa nyeupe, na sijawahi kuona gari la pamba lililokufa kwa mkono wa fundi. Yote yaliuawa na madereva. Dereva ni mharibifu, anakanyaga tu, kikivunjika anashuka, anafungua boneti na kukaa kivulini kungoja wewe uje. Ndiyo maana ulipofuzu ufundi nilichinja dume la ng'ombe, nikawaambia watu wa kijiji cha Ngulyati wote waje wale, kwa sababu mwanangu amekuwa mtu wa kutengeneza. Huyo wenu ameua injini moja. Mwangalieni.

Hiyo kazi yako nimeipenda. Wiki iliyopita nilikwenda Kalemela kumsalimia shemeji Ndalahwa, nikamkuta anasuka mgono. Samaki anaingia vizuri kabisa, akitaka kutoka, mlango hauoni. Jana nilipofungua barua yako nikacheka peke yangu hadi dada yako akaja kuniangalia kama nina homa. Wewe unataka mgono wa oili! Nitakutengenezea.

Mafundi wa huko wasikuguse hiyo sampu mpaka nimalize.

Baba yako,
A. Luhaga, fundi


Morogoro, 20 Juni 2024

Dada Stephania,

Barua hii isome ukiwa shuleni kwako, baada ya kipindi, na usirudi nayo nyumbani.

Dereva ni mimi.

Nilianza kwa kulijaribu gari baada ya kulitengeneza, kama fundi yeyote. Bwana Salvatory akapima muda wangu, akapima tena kwa sababu hakuamini, kisha akamwambia Januarius, dereva wake wa siku zote, apumzike kidogo. Dada, sijui nikuelezeje. Unakumbuka nilivyokuwa nang'ang'ania kamba za ng'ombe wa jembe, kaka akilia kunyang'anywa zamu? Ni hivyo hivyo, ila sasa ng'ombe ni wengi na wote wamekubali kukimbia. Naipenda kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kushika.

Lakini injini imekufa nikiwa mimi kwenye usukani. Haikuwa kosa la mguu wangu, ni oili, na Salvatory ananielewa. Ameniambia waziwazi hata hivyo: ikifa ya pili, kiti kinarudi kwa Januarius, na mimi nitarudi chini ya gari. Kwa hiyo huo ukuta anaotengeneza baba ndio unaonishikilia mimi kwenye kiti.

Na baba hajui kitu. Umesikia mwenyewe anavyowasema madereva. Alichinja dume kwa ajili ya fundi, sasa nimwambie nimekuwa mharibifu? Nikimaliza mashindano na injini ikiwa nzima, nitamwambia. Kabla ya hapo niapie hutafungua mdomo.

Mdogo wako,
Yusta


Bariadi, 30 Juni 2024

We Yusta,

Nimeapa. Nimeapa nikiwa nimeshika ubao wa darasa la nne, watoto wakinishangaa. Ila umenitesa. Unajua kukaa na siri nyumba moja na mzee asiyesikia? Hasikii maneno, basi anasoma uso. Ananitazama wakati wa kula kama anakagua nati.

Nikuambie hali yake. Amekuwa kijana. Asubuhi hata chai hamalizi, anakwenda kwenye kibanda chake na mchoro wako ameukunja kwenye mfuko wa shati. Alikwenda kiwandani akaomba bati la mfuniko wa mashine iliyokufa zamani, wakampa, na walinzi walimpigia saluti. Kila anayepita anaitwa aje aone. Mchungaji alipita kuuliza mbona siku hizi haonekani kanisani, akawekwa kwenye kigoda akaelezwa habari za oili ya gari la mashindano mpaka jua likaelekea kuzama. Aliondoka akisema wabeja sana, asante nyingi, na nadhani hakuelewa chochote.

Kila mtu anaambiwa: "Hii ni ya mwanangu. Fundi." Hilo la fundi analitamka kama cheo cha serikali.

Endesha polepole. Samahani, najua ndiyo kazi yenyewe. Basi endesha vizuri.

Dada yako,
Stephania


Bariadi, 14 Julai 2024

Yusta, mayu,

Mzigo umo ndani ya gunia la mchele, umezungushiwa pamba ya kwetu. Pamba usiitupe, itakufaa kusafishia.

Vimlango viko vitatu. Pini za bawaba nimetengeneza kwa spoku za baiskeli, kwa sababu waya wa madukani unapinda ukipata joto. Nilivichemsha kwenye oili chakavu siku nzima nione kama vitagoma. Havikugoma. Ukiinamisha kidogo vinafunguka vyenyewe, ukirudisha vinajifunga. Kwenye pembe utaona herufi L. Kule kiwandani kila nilichochomelea nilikipa L yangu, na mpaka leo ukipita zile mashine utaziona. Sasa kuna L itakayokimbia Morogoro, na mimi kwa kweli sina la kuongeza juu ya hapo isipokuwa kwamba nimefurahi.

Mwambie dereva wako mambo haya. Akiingia ile kona ndefu, asikanyage mafuta kwa pupa, auegemeze mguu. Macho yake yawe yanachungulia geji ya presha hata kabla ya taa, taa ni ya kuleta habari za msiba. Mkanda aufunge mwenyewe, asifungiwe na mtu. Na siku yenyewe ale uji kwanza, asiendeshe na tumbo tupu.

Nasikia huko asubuhi kuna baridi. Avae vizuri.

Baba yako,
A. Luhaga, fundi


Morogoro, 22 Julai 2024

Baba,

Mwadila. Mzigo umefika salama. Ukuta umekaa vizuri kabisa, kazi safi, mafundi wote wameusifu. Wabeja sana baba. Nitakuandikia zaidi nikipata nafasi.

Mwanao,
Yusta


Morogoro, 22 Julai 2024

Dada Stephania,

Nimemwandikia baba uongo leo na mkono unanichoma.

Ukuta wake ni mzuri kuliko nilivyoomba. Mafundi wamepokezana kuushika. Bawaba zinacheza kama kope. Ila umegeuka. Niliufunga kwenye sampu ikiwa bado juu ya meza, nikamimina oili, nikainamisha upande ule oili inakokimbilia kwenye ile kona. Vimlango vikafunguka, oili ikapita yote, ikaenda mbali na mdomo wa pampu. Nilipoirudisha, vikajifunga na kuifungia hukohuko. Yaani mgono tunao, lakini samaki tumemfungia upande wa jirani. Nikiendesha nao, injini itakufa haraka kuliko ya kwanza.

Nilikaa nikautazama mchoro wangu mpaka nikaelewa. Mimi nimeuchora sampu ikitazamwa kutoka juu, tulivyofundishwa chuoni. Baba maisha yake yote amefanya kazi akiwa shimoni, chini ya mashine, amelala chali. Kwake kila mchoro ni kitu kinachotazamwa kutoka chini. Kushoto kwangu ni kulia kwake. Sikuandika "kutoka juu", sikufikiri kama kuna haja. Na kuugeuza tu haiwezekani, sakafu ya sampu ina mteremko na ukuta umekatwa kuufuata.

Wenzangu wanasema tukate bawaba, tuhamishie upande wa pili. Nilishika grainda. Nikaiona ile L ya baba pembeni, nikazima grainda. Zile bawaba ukizikata huzirudishi tena zilivyokuwa, na hapa hakuna mkono wa kutengeneza nyingine. Nikimwambia baba, je? Amewaonyesha Bariadi nzima. Mchungaji ameelezwa. Siwezi kumwandikia mzee wangu kwamba kitu alichokiringia kimegeuka.

Salvatory anasema kama hakuna ukuta hakuna mashindano kwangu, gari litakwenda na Januarius, polepole, ili injini isife. Zimebaki wiki chache. Nishauri, lakini usimwambie.

Yusta


Bariadi, 8 Agosti 2024

Yusta,

Barua yako ya Julai nimeisoma mara nyingi, si kwa sababu ni ndefu. Umesema ukuta umekaa vizuri kabisa na kazi ni safi. Tangu lini fundi akapokea kitu cha fundi mwenzake bila kulalamika hata kidogo? Mimi nilipokuwa nampelekea Sayi wa karakana gia aliyoiagiza mwenyewe, alilalamika kwanza, ndipo akasalimia. Dada yako nilipomuuliza alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nikachukua mchoro wako, nikachonga sampu ya mbao kwa vipimo hivyohivyo, nikaifunga kwenye ubao juu ya beseni la maji, nikatengeneza ukuta mwingine wa bati la debe. Nikainamisha. Maji yakakimbilia kusikotakiwa. Nikaulaza mchoro sakafuni, nikausimamia, nikautazama kutoka juu kama bwana shamba. Nikasema kumbe!

Sisi wa kiwandani injini tunaijua kwa tumbo lake. Ninyi mmefundishwa kuitazama mgongo. Hakuna aliyekosea kuchora na hakuna aliyekosea kukata. Lakini ungeniambia, mayu. Ningecheka, ningekata mwingine siku hiyohiyo, ungekuwa nao zamani. Ulidhani nitaumia? Nimechomelea vitu vingi vilivyogeuka maishani mwangu, mashine ya tatu pale kiwandani ilikuwa inarudisha mbegu kwenye pamba hadi meneja akaja na viatu vyake vizuri kuangalia. Nikageuza, ikafanya kazi, ndiyo hiyo mpaka leo.

Mwingine huu hapa. Umetazamwa kutoka juu. Nimemkabidhi kondakta mkononi na nimemwambia akiupoteza asirudi Bariadi. Ule wa kwanza usiukate. Ipo siku litakuja gari lenye mdomo wa pampu upande wa kulia, nao utapata kazi.

Watu nimewaambia nimetengeneza wa pili kwa sababu wa kwanza ulikuwa wa kushoto na huu ni wa kulia. Wamezidi kunisifu.

Mwambie dereva asiwe na wasiwasi na chini. Chini nipo mimi. Yeye atazame mbele.

Baba yako,
A. Luhaga, fundi


Morogoro, 26 Agosti 2024

Baba yangu mpenzi,

Mwangaluka. Tumemaliza jana.

Nitakueleza yote, lakini kwanza fungua kile kifurushi kilichofungwa kwa ile pamba yako. Ni karatasi ya ndani ya chujio la oili. Baada ya mbio nililikata, nikaliacha lichuruzike oili bila kuliosha, nikalikausha. Ikunjue ukaitazame kwenye jua. Ukiona punje moja ya chuma inayong'aa, uniandikie. Mimi nimetafuta sijaiona. Ile injini ya kwanza karatasi yake ilimeta kama kanga mpya, hii ni safi kama ilivyotoka dukani.

Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Kwenye ile kona ndefu sindano ya presha ilishuka kidogo, ikasimama, ikakaa hapo mpaka kona ikaisha. Magari mawili yalikufa pale pale, moshi mweupe, madereva wakashuka wakakaa kivulini kama ulivyosema. Letu likapita. Tumekuwa wa pili, baba. Aliyetushinda ana gari jipya na timu yenye mahema. Mizunguko ya mwisho tulikuwa tunamnusa, na watu walisimama juu ya mabenchi. Bwana Salvatory alilia, halafu akasema ni vumbi, na pale ni lami.

Sasa lile lingine. Nimeandika na kuchana kurasa kadhaa. Baba, dereva ni mimi. Tangu mwanzo ni mimi. Injini ile ya kwanza ilifia mikononi mwangu, na hizo salamu ulizozikataa zilikuwa zangu. Sikukuambia kwa sababu ulimchinjia dume fundi, na niliogopa utaona nimeshuka. Lakini sijaacha ufundi. Ile sampu nimeifunga mimi, kila nati nimeikaza mimi, halafu nikakaa juu yake nikaendesha. Uji nilikula. Mkanda nilifunga mwenyewe.

Na nilipokuwa kwenye ile kona nilisema kwa sauti, ndani ya kofia, "Chini yupo baba." Hakuna aliyenisikia. Nimeona nikuandikie ujue.

Kiti ni changu msimu ujao, Salvatory amesema mbele ya watu wote. Ukiniambia niache, itaniuma sana, lakini nataka kusikia kutoka kwako mwenyewe.

Mwanao,
Yusta


Bariadi, 4 Septemba 2024

Kwa Yusta, fundi, Morogoro,

Mhola, mhola sana.

Karatasi nimeikunjua nje, nikaitazama kwa miwani na bila miwani. Safi. Nikaipeleka kiwandani. Wazee wote wa karakana wameipitisha mkono kwa mkono, Sayi akaitafutia kasoro kwa muda mrefu, akakosa, akasema imekatwa vibaya ukingoni. Kwa Sayi hiyo ni sifa. Sasa imetundikwa ukutani kwangu pembeni ya picha ya marehemu mama yako, na mchungaji ameitwa tena.

Kuhusu hilo la dereva, nilijua zamani, niliporudia kusoma barua yako ya kwanza nikitengeneza ule ukuta. Uliandika kwamba mtetemo unaanza miguuni kwenye pedali kabla ya taa kuwaka. Fundi aliyesimama kando ya uwanja atasikiaje miguuni? Dada yako usimlaumu, alinyamaza kama jiwe, ingawa uso wake ulikuwa unapiga kelele. Sikukuambia kwamba najua kwa sababu nakufahamu. Ungeendesha ukiwa umenibeba mgongoni, unafikiria baba atasema nini, na kona ile haitaki mtu mwenye mzigo. Basi nikawa nakutumia maneno kupitia kwa huyo dereva wako. Naona aliyapata.

Nimesema madereva ni waharibifu na silifuti, maana niliowajua walikuwa hivyo kweli. Ila sijawahi kumwona mwingine aliyeshuka kwenye gari, akakata chujio mwenyewe kuangalia kama ameumiza injini. Watu wa Ngulyati wameshaniuliza kama kwa dereva nako kuna dume. Lipo. Nimelichagua, jekundu kama gari lenu. Uje Krismasi ulione kabla hatujalila.

Usiache. Na ule ukuta wa kwanza ulete ukija, nimepata mtu mwenye gari.

Salimia mafundi wenzako. Na kuna neno la dereva wako, mimi kwa mdomo sitaliweza, kwa hiyo mfikishie wewe. Mwambie baba yake anatembea Bariadi nzima kifua mbele, anamsimamisha kila mtu njiani, na wanaomwomba apunguze majivuno wanachoka bure, kwa sababu mzee hasikii.

Baba yake,
A. Luhaga